Fundi kapaka silikoni juu ya kutu ya gari langu, kaziba hadi vitundu vya milango, kisha ananiambia "gari zee lazima livuje"

Wakuu, leo salamu mtanidai. Nina hasira tangu asubuhi, na nisipozimwaga hapa nitaenda kuzimwaga gereji na patachimbika.

Nina Land Cruiser mkonga, HZJ75 ya 1993, ile yenye injini ya 1HZ. Lilikuwa gari la mradi, nikalichukua bodi imechoka ila injini mpaka leo haina neno. Ndilo linalonilisha. Parachichi za Rungwe, viazi vya Isyonje njia ya Kitulo, saruji za watu, misiba, harusi, kote ni lenyewe. Na mnaoijua barabara ya Uyole kwenda Tukuyu mnajua mvua ya kule haina adabu. Unatoka Uyole jua kali, Isongole ukungu, ukifika Kiwira waipa ziko mwisho na bado huoni.

Sasa mwaka jana kiangazi kikiwa kinaisha, nikaona raba ya kioo cha mbele imekauka, ina mipasuko kama kisigino kisichojua mafuta. Ukiibonyeza kwa kidole gumba hairudi. Kona ya juu upande wa abiria imejikunja, imeachana kabisa na kioo. Raba za milango nazo ngumu kama kandambili iliyosahaulika batini. Si ajabu, Mbeya tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, jua linachoma hata siku ya baridi, na raba ndiyo ya kwanza kuliwa. Nikasema nibadilishe zote kabla mvua hazijashuka. Akili ya mtu mzima, si ndiyo?

Hapo ndipo nilipopigwa.

Fundi simtaji, na mtaa wake sitaji. Kafika, kalizunguka gari mara moja, kagonga kioo kwa kucha, akasema, "Bosi, hii ndogo tu. Laki mbili na nusu raba zote, jioni unaondoka nalo." Nikatoa laki moja na nusu ya kuanzia. Halafu nikafanya kosa ambalo mke wangu ananikumbusha kila wiki: nikaliacha gari, nikapanda daladala kwenda kwenye mambo yangu Mbalizi. Kazi ya kioo usiiache, mkuu. Bora uiache ya injini.

Jioni nimerudi, gari linapendeza. Raba nyeusi tii. Ila ndani kuna harufu ya siki, kali mpaka macho yanawasha. Namuuliza, ananiambia "gundi hiyo bosi, kesho imeisha". Nikammalizia hela yake na elfu tano ya soda juu. Ile elfu tano inaniuma kuliko zote.

Mvua ya kwanza ya maana ilinikuta nimempakia mama, namtoa Tukuyu kumleta kliniki mjini. Hatujafika Kiwira, tone likamdondokea gotini. Akalifuta. Likaja la pili, akalifuta. La tatu halikuwa tone tena, lilikuwa bomba. Mama akanyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, hili gari lako linanikojolea." Nikacheka, ila moyoni nachemka. Akavua kitenge cha mabegani, akakikunja, akakiweka pale kwenye kona ya dashibodi, na kila baada ya muda anashusha kioo anakikamua nje. Mama wa miaka sabini na mbili anakamua kitenge ndani ya gari lililotoka gereji juzi!

Tunapandisha kuitafuta Isongole akauliza tena, "Huko nyuma umebeba ndoo?" Maana kila nikikata kona kuna sauti ya maji, chwaa, chwaa. Nikapaki pembeni. Nyuma hakuna ndoo. Nikafungua mlango wake nikautikisa: maji yamo ndani ya mlango.

Kwa asiyejua, kila mlango wa gari una vitundu chini kwenye ukingo. Maji huteremka na kioo cha mlango, yakipita ile raba ya kufutia yanaingia ndani ya mlango, na hilo ni la kawaida kwa gari lolote. Yanatoka kwa vitundu vya chini, basi, hayana madhara. Huyu bwana aliviona vile vitundu akadhani ndipo panapovuja, akavijaza silikoni. Milango yote miwili! Kanigeuzia milango kuwa madumu. Nilivitoboa kwa msumari palepale kando ya lami, mvua ikinipiga mgongoni, yakatoka maji ya rangi ya chai. Hiyo rangi mnaijua inatoka wapi.

Nikarudi kwake. Akapaka silikoni kwa nje. Ikavuja. Nikarudi, akapaka kwa ndani, ikahamia upande wangu na kuingia nyuma ya dashibodi, redio ikafa. Mara ya tatu ndipo akanipa ile kauli: "Bosi, na wewe elewa, gari zee hilo, lazima livuje kidogo."

Lazima? Hili gari limepigwa na mvua za Rungwe miaka na miaka kabla sijamjua yeye, na lilikuwa halivuji. Nimelileta raba zimekauka, kwa tahadhari tu. Kuvuja limejifunzia kwake.

Mwezi wa tatu asubuhi moja ya baridi nawasha gari naona ufa kwenye kioo cha mbele, kona ya chini kushoto, urefu wa kidole. Hakuna jiwe. Jiwe huacha alama pale lilipogonga, kama kijicho, na ufa unaanzia hapo. Huu ulitokea chini ya raba, hauna mwanzo unaoonekana. Wiki haikuisha ukawa katikati ya kioo, trafiki wanaanza kunisimamisha kwa ajili yake. Nampigia fundi, jibu lake: "Umepigwa jiwe bosi, hiyo si kazi yangu."

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu, alishafanya kazi karakana ya reli ya TAZARA, siku hizi anajishughulisha nyumbani kwake. Nikamwamkia, akaitika, hakutaka maneno mengi. Akachukua kisu, akaikata raba pande zote ili kioo kisipate tabu, akakitoa akisaidiana na mjukuu wake. Kisha akaniita. "Njoo uone ulichonunua, mwanangu."

Wakuu, nilitamani kukaa chini. Ule ukingo wa bati ambao raba inatakiwa kuukumbatia, upande wa chini wote ni kutu ya magamba, unabanduka kama ganda la mti. Juu ya kutu kuna puti, ile ya kuzibia bati kabla ya rangi. Juu ya puti kuna silikoni. Yule fundi aliyaona yote haya! Huwezi kuweka puti mahali ambapo hujapaona. Mzee akakwangua na bisibisi kidogo tu, puti ikaporomoka, likabaki tundu ambalo kidole changu cha mwisho kinapita hadi kwenye dashibodi. Na pale kona ya kushoto puti ilikuwa imefanya nundu ngumu, ndiyo iliyokuwa inakisukuma kioo kila gari likijinyonga kwenye mashimo. Pembeni mwa kioo, palepale ufa ulipoanzia, kuna kipande kimemeguka, alama ya bisibisi. Jiwe langu ndilo hilo.

Ile harufu ya siki mzee akanielewesha. Silikoni ya bei rahisi, ile ya masinki na madirisha ya nyumba, inatoa asidi wakati inakauka, asidi ileile ya siki. Ukiipaka kwenye bati lenye kutu umeiongezea kutu chakula. Na ikishagusa bati, rangi haishiki tena hapo mpaka uikwangue yote na kupasafisha haswa. Kwa hiyo kila "marekebisho" aliyonifanyia yule jamaa yalikuwa yanalimaliza gari.

Raba yenyewe ni ile ya kukata kwa mita. Ya gari hili inatakiwa kuwa duara zima moja, kona zimeshaumbwa kiwandani, ina mfereji wa kioo upande mmoja na mfereji wa bati upande wa pili. Yangu ilikuwa imekunjwa kwenye kona kwa nguvu, ikajikunyata na kuacha uwazi, na kiungio akakiweka juu upande wa abiria, juu kabisa ya goti la mama.

Nilimuuliza mzee inavyofungwa, akanieleza huku anakwangua. Unatoa kila kitu hadi bati jeupe. Palipotoboka unachomelea kiraka, unapiga msasa, praima, rangi, unasubiri ikauke kwelikweli, siku kadhaa, si jioni unaondoka nalo. Unavisha raba kwenye kioo kikiwa mezani. Unapitisha kamba ngumu kwenye mfereji wa bati kuzunguka pande zote, ncha zikutane chini katikati. Maji ya sabuni, si grisi, grisi inaiharibu raba. Mmoja anasukuma kioo kwa viganja kutoka nje, mwingine ndani anavuta kamba taratibu, na raba inajipindua yenyewe ikilikumbatia bati. Bisibisi haina kazi hapo. Magari ya siku hizi kioo kinabandikwa kwa gundi yake maalumu, hiyo ni kazi nyingine, lakini hili langu kinashikwa na raba peke yake. Raba ikiwa nzuri na bati likiwa zima, hakuna kitu cha kupaka.

Milango sasa. Raba alizoniwekea ni nene kupita kiasi, upande wa bawaba zinazuia na upande wa kitasa hazigusi. Ukitaka kufunga lazima ubamize kama umegombana na mtu. Mzee akabana kipande cha gazeti kati ya mlango na bodi, akafunga, akavuta. Upande wa kitasa gazeti lilitoka kama linatoka mfukoni. Ndiyo maana vumbi la barabara za vijijini lilikuwa linaingia mpaka kwenye meno.

Hali ilivyo, kiraka kimeshachomelewa, praima imepigwa, gari liko chini ya turubai uani kwa mzee na mimi nakodi Canter ya watu kubebea viazi. Kioo nimepata. Ninachotafuta ni raba ya duara zima ya HZJ75, ya kona zilizoumbwa, pamoja na za milango. Aliye Mbeya, Makambako au Iringa anayejua duka lenye nayo aniambie, na anayetaka kuniuzia ya mita apite mbali.

Mnauliza kwa nini hasira zimenipanda leo wakati mambo ni ya tangu mwaka jana. Saa mbili asubuhi simu imeita, ni yule fundi. Nikadhani kaja kuomba radhi. Anasema, "Bosi, nasikia kioo umempa mzee. Sasa ile raba niliyokufungia, kama huitumii, nirudishie basi, kuna mteja wangu wa Hilux anaisubiri."

Raba iko kwenye kiroba chini ya meza ya mzee, imekatwa vipande vitatu. Wewe mwenye Hilux uliyeacha gari gereji wiki hii hapa Mbeya ukaambiwa jioni unaondoka nalo, kalichukue sasa hivi.