Hivi "boycott" limetokana na "boy"?

Kahawa_Chungu: Wakuu, salaam. Kijiweni tumebishana hadi muuza kahawa akafunga. Jamaa mmoja anashikilia kwamba "to boycott" limetokana na maboi wa enzi za mkoloni waliogoma kupika. Mwingine anasema ni jina la mtu. Nani mkweli? Na kwa Kiswahili tuseme kugoma au kususia?

Mzee_wa_Makabrasha: Maboi hawamo kabisa. Kapteni Charles Boycott alikuwa mwanajeshi mstaafu, Mwingereza, msimamizi wa mashamba ya Lord Erne huko Mayo, Ireland. Mwaka 1880 mavuno yalikuwa mabovu. Wapangaji wakataka kodi ishuke kwa asilimia 25, mwenye mashamba akakubali 10 tu, na Boycott akapeleka hati za kuwatimua. Mwezi huo huo wa Septemba, mwanasiasa Parnell alikuwa amehutubia mji wa Ennis: atakayechukua shamba la aliyefukuzwa, msimsalimie njiani, dukani wala kanisani. Watu wakamgeuzia Boycott dawa hiyo hiyo. Vibarua wakatoka shambani, watumishi wakaacha nyumba, mhunzi na dobi wakamkatalia, maduka hayakumuuzia kitu. Ikabidi waletwe wavunaji 50 kutoka Cavan na Monaghan, na askari wapatao 1,000 wa kuwalinda! Viazi na tanipu tu hivyo, jamani. Kabla mwaka haujaisha kapteni kafungasha, na magazeti yameshaligeuza jina lake kitenzi.

Binti_Wete: Ahsante mzee. Kuhusu Kiswahili, kugoma ni kuacha kazi yako mwenyewe. Kususia ni kukataa cha mwenzio: duka lake, harusi yake, kura yake. Machi 2016 CUF walisusia uchaguzi wa marudio hapa Zanzibar, sijasikia mtu akisema "waligoma uchaguzi". Ila alichofanyiwa huyo kapteni mimi nakiita kutengwa. Mtu hasalimiwi, haendewi msibani, haazimwi hata mchi. Bidhaa huwezi kuitenga, unaisusia.

Mzee_wa_Makabrasha: Hapo kwenye kutengwa umenizidi, binti. Niongeze moja kwa wanaoandika barua za chama kwa Kiingereza: ni "boycott the meeting", basi. Hilo "boycott against" mnalolipachika mnalitoa wapi?