Mbwa wangu anakohoa usiku: nimchome ile dawa ya minyoo ya ng'ombe?

MamaWatatu_Tanga

Habari za jioni wanajamvi. Naomba msaada kwa anayejua kweli, maana hapa mtaani kila mtu ananiambia lake.

Nina mbwa dume anaitwa Bosi, umri miaka mitatu, mchanganyiko wa jamani shepadi na hawa wetu wa kienyeji. Tulimpima kwenye mzani wa mahindi, kilo 20. Analala barazani, na sisi tupo karibu na mikoko, jua likizama mbu ni wa kufukuza kwa kanga. Wiki ya tatu hii anakohoa usiku, kikohozi kikavu, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Zamani alikuwa akimsindikiza mwanangu mpaka shuleni na kurudi mbio. Siku hizi akifika kwenye mwembe tu analala chini, ulimi nje. Kupe nao hawaishi masikioni na katikati ya vidole, ingawa namwogesha kwa dawa ya ng'ombe.

Jirani mfugaji kaniambia hiyo ni minyoo ya moyo, inaletwa na mbu, na dawa yake ni aivamektini. Nimeinunua duka la dawa za mifugo, chupa ya asilimia 1. Muuzaji kanipa na sindano, akasema "mchome kama mbuzi." Chupa ninayo hapa mezani. Nimchome? Kiasi gani?

Kigamboni_Juu

Pole sana dada. Mimi wangu wawili nawachoma hiyohiyo kila baada ya miezi mitatu, mwaka wa nne huu na hawajawahi kudhurika. Nusu ya kipimo cha mbuzi inatosha.

BwanaMifugo_Moro

Dada, tafadhali usimchome leo. Nimesoma SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo pale Morogoro, nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, na mbwa wa kwanza kufia mikononi mwangu alikuwa amechomwa dawa kutoka kwenye chupa kama hiyo yako. Aliletwa anatetemeka, macho hayaoni, mate yanamtoka, na baba mwenye mbwa amekaa sakafuni anamshika kichwa. Tulimtundikia dripu mpaka alfajiri. Hakupona.

Ngoja nikupigie hesabu. Chupa ya asilimia 1 ina maikrogramu 10,000 katika kila mililita moja. Kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa ni maikrogramu 6 kwa kila kilo, mara moja kwa mwezi. Bosi wa kilo 20 anahitaji 120 tu. Hiyo ni sehemu ya mililita ambayo sindano ya dukani haiwezi kuipima, hata tone moja ni nyingi kuliko hiyo. Ukimpa kipimo cha ng'ombe, yaani mililita 1 kwa kilo 50, atapata mililita 0.4, na humo mna maikrogramu 4,000. Mara thelathini na zaidi! Tena damu yake ina jamani shepadi. Mbwa wa jamii ya koli, na baadhi ya shepadi, wanazaliwa na kasoro inayoruhusu dawa hii ipenye mpaka kwenye ubongo. Kwa macho huwezi kumjua mwenye kasoro hiyo.

Kuna jambo la pili, na ndilo linalonitisha zaidi kwa Bosi. Wewe ni mtu wa Tanga, matende na busha unavijua: mbu anauma, anaacha vijinyoo, vinakua taratibu ndani ya mwili. Minyoo ya moyo ya mbwa ni ya ukoo huohuo. Kijinyoo kikishaingia kinachukua kama miezi sita kukomaa. Jike likikomaa linafika sentimita 25 hadi 30, jembamba kama tambi, na makao yake ni mishipa inayotoka moyoni kwenda mapafuni. Linaweza kuishi humo miaka mitano hadi saba, likizaa vitoto vinavyoelea kwenye damu, vinasubiri mbu mwingine. Sasa mbwa mwenye vitoto vingi ukimchoma dawa kali, vinakufa vyote kwa mpigo, na mwili wake unaweza kushtuka, presha ikaporomoka, akaanguka palepale. Ndiyo maana anapimwa kwanza, kinga baadaye.

Kaka wa Kigamboni, najua unawapenda mbwa wako, usingesumbuka kuwachoma. Lakini kila miezi mitatu haiwakingi. Dawa ile inaua vijinyoo vichanga vilivyoingia karibuni. Ukiruka miezi, vilivyokwisha kukua vinaponyoka. Wapeleke nao wakapimwe.

Dada, fanya hivi kesho asubuhi. Mfunue mdomo uangalie ufizi. Uwe wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole rangi irudi mara moja. Ukiwa mweupe kama karatasi, hana damu. Kisha mlaze chali, tazama tumbo penye manyoya machache kama kuna vidoa vyekundu mithili ya vilivyochomwa kwa pini. Uliza watoto kama amewahi kutoka damu puani. Nakuuliza hivi kwa sababu uchovu na kupe vikikutana, mimi nawaza homa ya kupe kabla ya moyo. Safura pia inanyonya damu mpaka mbwa anashindwa kutembea. Halafu hizo safura mabuu yake yako kwenye mchanga anapojisaidia, yanapenya ngozi ya mtoto anayecheza pekupeku na kumchora mistari inayowasha. Kwa hiyo kinyesi chake kiokote kila siku.

Hiyo dawa ya kuogeshea ng'ombe iache. Nyingine zikichanganywa kwa kukisia zinamlegeza mbwa, mapigo ya moyo yanapungua. Na kupe wa mbwa si kama wa ng'ombe, hakai majanini. Anaishi nyumbani kwako. Jike likishiba linaanguka, linapanda ukutani, linaingia kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa ukaacha nyufa za baraza, umeosha bure. Ziba nyufa, choma matandiko yake ya zamani.

Kijana_wa_Houston

Shikamoo wakubwa. Nimezaliwa Moshi, sasa naishi Texas, na huku minyoo ya moyo ni ugonjwa wa kila mtaa, joto na mbu kama pwani yetu. Nilimchukua mbwa jike kwenye makazi ya mbwa wasio na wenyewe, nikamwita Zuri. Kipimo kikasema anayo.

Nasimulia ili dada ajue tiba yake ilivyo ngumu. Kwanza doksi, yaani antibayotiki ya doksisaiklini, wiki nne pamoja na kinga ya kila mwezi, na kungoja. Kisha sindano ya melasomini, dawa inayoua minyoo iliyokomaa, kwenye misuli ya kiuno. Baada ya mwezi, sindano nyingine mbili, zikipishana siku moja. Alilia nilipomgusa mgongo, sikulala usiku ule. Lakini kazi kubwa ilikuwa kumtuliza. Minyoo ikifa inakatikakatika na vipande vinaingia mapafuni, mbwa akikimbia vinaweza kuziba mshipa. Basi kwa miezi kadhaa Zuri alikaa kizimbani, anatoka kwa kamba kukojoa tu. Kila nikichukua funguo anasimama, mkia unapiga vyuma, anadhani leo tunakwenda. Gharama ilipita dola 1,000, wakati kidonge cha kinga cha mwezi ni bei ya chakula cha mchana.

Alipona. Dada, mpime Bosi.

MamaWatatu_Tanga

Nimerudi. Asanteni, Mungu awabariki. Ufizi ulikuwa mweupe, nikaogopa, nikakodi bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Vidoa tumboni vilikuwepo, na mwanangu wa pili akakiri aliona damu puani wiki iliyopita, alinyamaza akidhani ataambiwa amempiga.

Daktari alitoa damu, tone moja akaliweka kwenye kioo chini ya darubini, akaniita nitazame. Sikuona kinachochezacheza. Amesema hiyo haitoshi, kuna mbwa wenye minyoo mikubwa lakini vitoto havionekani kwenye damu, kwa hiyo kipimo chenyewe cha minyoo ya moyo kinaagizwa Dar. Kwa sasa anatibu homa ya kupe: doksi siku 28, na dawa ya safura maana kinyesi kilikuwa na mayai. Kikohozi atakisikiliza tena wiki ijayo. Chupa nimempa jirani, ana ndama.

Leo siku ya nne na asubuhi amefika mpaka mwembeni akapitiliza. Shida ni vidonge, anavitema. Nimejaribu kuviweka kwenye maziwa.

BwanaMifugo_Moro

Umenifurahisha sana, mama Bosi. Mwambie huyo mtoto kwamba damu ya puani aliyoiona ndiyo iliyomsaidia daktari.

Maziwa hapana, yanapunguza doksi inayoingia mwilini, isimfanyie kazi vizuri. Chukua kipande cha ini lililochemshwa, kichane katikati, ingiza kidonge. Mpe kwanza kipande kitupu, kisha chenye dawa, kisha kitupu kingine haraka kabla hajafikiri. Baada ya hapo anywe maji, kidonge kisikwame kooni kikamchoma. Usikate dawa kabla siku 28 hazijatimia, hata akionekana mzima. Na majibu ya Dar yakitoka uyaandike hapahapa, ndipo tupange kinga ya kila mwezi kwa uzito wake wa siku hiyo.