FAMILIA BARABARA YA 12 ❤️ (dari la Bibi)

[07:41] Da Mwana: Assalaam alaykum jamaa zangu. Leo ndo siku. Mabati ya nakshi ya dari aliyotuma Sudi yamefika jana na basi, yote 15, hakuna lililopinda, nimeyahesabu mwenyewe moja moja. Fundi yuko njiani. Harusi imebaki siku 12 na waliochanga mpaka sasa ni watatu tu

[07:44] Da Mwana: 📷 Picha

[07:44] Da Mwana: Hebu oneni hilo ua la katikati, na msusi unaozunguka pembeni kama mlango wa Unguja. Nimebandua nailoni kidogo tu nione, nikajikuta nalipapasa kama kitambaa

[07:52] Shemeji Kombo: Maashallah

[08:10] Mamdogo: Waalaykum salaam. Kutu je? Geti langu hewa ya bahari imelila lote

[08:13] Da Mwana: Ni alumini mamdogo. Sudi alituambia ya chuma tusiguse, ukishalikata tu ule ukingo unaanza kutu usipowahi kupaka rangi ya mafuta. Shiti moja ni sentimita 90 kwa 180, sebule ni mita 4 kwa 5, kwahiyo 13 yanatosha na 2 ni ya vipande

[08:20] Zuwena: bati ndani ya nyumba jamani si tutakua kama tuko ndani ya debe

[08:24] Da Mwana: We Zuwena. Ukumbi wa manispaa wa Sydney una dari la zinki la kupigwa nakshi hivihivi, tangu 1889, waliogopa plasta itawadondokea kinanda chao kikubwa kikilia. Mpaka leo liko juu

[08:30] Idi: Shikamooni. Da Mwana fundi keshafika na kaanza kuvunja dari la zamani, kona ya dirishani. Hizi shiti ni ngumu za kijivu na pale palipovunjika pametokeza nyuzinyuzi. Naogopa isije ikawa asbesto. Nimemwambia asimame anasema yeye kaletwa na Anko Rajabu atamsikiliza Anko Rajabu

[08:31] Shemeji Kombo: Kinanda kitu gani, Anko Rajabu akilala hapo sebuleni baada ya pilau ndo tutajua kama dari linahimili 😂

[08:31] Zuwena: 😂😂😂 shemeji

[08:32] Zuwena: Idi popo wangapi wametoka

[08:33] Shemeji Kombo: mmoja wao anajua baiskeli yangu ilipo

[08:33] Zuwena: 😂😂 ya mwaka ule

[08:35] Idi: Jamani nimesema ASBESTO. Vumbi lake ukilivuta linabaki mapafuni, ugonjwa unakuja miaka 20, 30 mbele. Watoto wa Mamdogo wako hapo kibarazani wanacheza

[08:36] Mamdogo: Yarabi. Watoeni watoto

[08:37] Da Mwana: Rajabu upo? Rajabu pokea simu. Humu tuko 31 wanaoongea ni walewale

[08:58] Anko Rajabu: Nilikua sokoni. Fundi ni mzoefu na elfu 50 ya kuanzia nimetoa mfukoni mwangu. Hizo shiti Mzee alizitoa bandarini zimekaa miaka yote hakuna aliekohoa. Ukitaka blandaring mpya, zile fito za kupigilia dari, ishike kenchi lazima la zamani lishuke

[09:01] Da Mwana: Mzoefu kama yule wa mabati ya juu? Tulichanga ya geji 28 ukaleta geji 32, membamba zaidi, na mvua ya juzi bibi kaweka ndoo mbili sebuleni. Sasa tunaweka nakshi chini ya paa linalovuja

[09:02] Anko Rajabu: Hilo lilishaisha

[09:02] Da Mwana: Liliisha kwako

[09:03] Ujumbe huu umefutwa

[09:04] Zuwena: nimeuona anko

[09:40] Sudi Sydney: Nimetoka kazini sasa hivi ndo naona, jamani simamisheni hiyo kazi nawaomba, mie huku nafanya na watu wanaokarabati nyumba za zamani na hizi shiti ndo kitu cha kwanza tunachoulizana, asbesto huku ilipigwa marufuku kabisa mwisho wa 2003 lakini majumba bado yamejaa nayo. Kwa macho hujui, mpaka ipimwe. Ikiwa nzima iacheni ilivyo, hatari ni kuivunja, kuitoboa, kuikata. Ile kona iloanguka ilowesheni maji, msifagie kavu, okoteni kwa kitambaa kibichi mtie kwenye mifuko miwili mfunge

[09:43] Sudi Sydney: Na mabati yangu hayahitaji kuvunja kitu. Wekeni mbao 2 kwa 6 zibebwe na kuta zenyewe, chini ya dari la zamani bila kuligusa, kisha blandaring, fundi apige uzi aanzie katikati ya chumba ili lile ua likae sawa, vipande viishie ukutani. Mtapoteza kimo kidogo tu. Na avae glovu, ukingo wa bati unakata kama wembe. Lakini paa kwanza

[09:45] Idi: Ahsante kaka. Kashuka kwenye ngazi, anakunywa chai

[10:15] Idi: Bibi kaniita. Kasema niandike kama anavyosema, nisipunguze

[10:17] Idi: "Dari hilo babu yenu kalipigilia kwa mkono wake, nami ndie nilokuwa nampa misumari. Kulifunika sikatai, Sudi kaniletea kitu kizuri na nimekipenda. Kulivunja halivunjwi. Na Rajabu na Mwana waje hapa leo baada ya alasiri, wote wawili, bila simu."

[10:18] Mamdogo: Shikamoo mama 🙏

[10:18] Shemeji Kombo: 🙏

[10:31] Anko Rajabu: Nimesikia

[11:05] Da Mwana: Sawa bibi. Ila nani atatafuta pa kupimia hicho kipande? Na mbao 2 kwa 6 nani anajua bei? Na fundi anarudi lini?

[12:50] Da Mwana: ??

[14:22] Binamu Hashimu: Salaam wote, nlikua safari. Mchango ni sh ngapi

[15:58] Da Mwana: Nimefika kwa bibi. Wingu limetanda. Turubai la msiba wa shangazi liko kwa nani?

[16:20] Shemeji Kombo: La bluu au la kijani?