Nifundishe vipi watu wa kijiji kabla mvua haijaanza, mpaka wafanye kweli?

MamaVHT_Elgon:
Habari zenu wote. Mi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, huku Bulambuli, Uganda, upande wa juu wa mlima Elgon, na chairman wetu wa LC1 (baraza la kijiji) ameniomba nifundishe watu mambo ya usalama wa nyumbani na majanga kabla mvua za Machi hazijaanza. Nimekubali kwa moyo wote, maana tuliona wenyewe Novemba 2024 vile udongo ulishuka ukafunika nyumba na watu ndani, na wenzetu wa Bududa wameanza kulia zamani tangu 2010.

Shida ni hii. Semina zimeshakuja sana huku, mtu anafika na gari, anaongea Kiingereza, mwingine anatafsiri nusu nusu, tunapewa soda, tunasaini karatasi, tunarudi nyumbani. Alafu usiku mvua ikipiga kila mtu analala tu. Wazee wanasema mababu waliishi hapa hapa na hawakukimbia. Na kuna waliohamishwa na serikali kwenda Bunambutye kule chini wanapanda tena huku kwa sababu kahawa na ndizi zao ziko huku, siwezi kuwalaumu, mtoto anataka kula. Nyie wa sehemu zingine, ni nini kilifanya watu wenu wabadilike? Nianze na nini? Bajeti hakuna, nina daftari tu.

Mtu_wa_Manjiya:
Dada pole na kazi. Mi ni wa Bududa, nakushauri usiite mkutano kabisa kwanza. Chukua watu kumi hivi, wazee na vijana na akina mama, mpande pamoja mlima uliopo juu ya nyumba zenu, mwangalie kwa macho. Ardhi ikiwa na ufa mrefu unaokatiza mteremko, waonyeshe. Miti au nguzo zilizoanza kuinama. Chemchemi mpya imetokea mahali palipokuwa pakavu, au ile ya zamani imeanza kutoa maji ya matope. Ukuta umepasuka, mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama. Mzee akigusa huo ufa kwa fimbo yake mwenyewe hahitaji semina, na mara nyingi yeye ndiye atakwambia ule mwingine ulipo maana anajua kila jiwe la shamba lake.

Alafu jambo la pili na hili naliomba sana: mchague mchana pahali pa kukimbilia, msingoje usiku. Tarehe 1 Machi 2010 pale Nametsi watu wengi walikuwa wamejikinga mvua kwenye kituo cha afya, na udongo ukafunika kituo chenyewe. Jengo likiwa zuri haimaanishi liko salama, angalia limekaa wapi. Oktoba 2018 nako Bukalasi udongo uliangukia mto Suume huko juu, ukateremka na mawe makubwa ukapiga watu waliokuwa mbali na mteremko wenyewe, kwenye senta ya biashara. Kwa hiyo wa bondeni kando ya mto nao wafundishwe, wasidhani ni shida ya wa juu peke yao.

Kijana_Nyamwamba:
Kasese hapa. Sisi shida yetu ni mto Nyamwamba, ulitupiga 2013 ukatupiga tena 2020, na mvua inanyesha Rwenzori huko juu wakati wewe huku mjini huoni hata tone, unashtukia maji yanakuja na mawe na magogo. Kitu kinachosaidia ni simu ya mtu wa juu. Tafuta watu wawili watatu wanaokaa juu kabisa, wawe na namba za watu wa chini, na mkubaliane neno moja fupi tu, wakisema hivyo watu watoke bila kuuliza maswali. Lakini usitegemee simu peke yake, netiweki inapotea mvua kubwa na betri zinaisha, kwa hiyo muwe pia na ile rimu ya gari inayogongwa shuleni, au ngoma, mlio ambao hautumiki kwa kitu kingine.

Na kila nyumba ijue nani anambeba nani. Bibi asiyeweza kutembea, mama aliyejifungua jana, mtoto asiyesikia, hao ndio wanaachwa kila siku kwa sababu kila mtu anafikiri fulani amemchukua. Andika kwenye hilo daftari lako jina kwa jina.

Ukweli_Mchungu:
Serikali iwahamishe tu, hayo mengine ni kupoteza muda.

MamaVHT_Elgon:
@Ukweli_Mchungu wahamishwe ndiyo, wapewe na mashamba ya kulima, nakubali na wewe. Lakini mvua ya mwezi ujao itawakuta bado wako hapa na watoto wao, nifanye nini nao?

Mwalimu_Kiryandongo:
Mama usisahau radi. Huku kwetu Kiryandongo 2011 radi iliua watoto 18 katika shule moja ya msingi, wakiwa darasani. Na Novemba 2024 kule Palabek, Lamwo, watu 14 walikufa wakiwa kwenye ibada. Wafundishe kwamba ukisikia ngurumo uko tayari kwenye hatari, usingoje mvua ianze. Chini ya mti hapana, kibanda cha nyasi au hema hapana, kuegemea ukuta au waya hapana. Gari la mabati lililofungwa lote ni salama. Mkikwama nje msishikane wala msilale chini, kwa sababu umeme unatembea ardhini.

Na hili lirudie kila mahali: aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse, msaidie, kama hapumui anza papo hapo kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, tena na tena. Watu wanaogopa kumgusa wanasema ametumwa uchawi, na mtu ambaye angepona anakufa huku wanamwangalia. Inaniuma sana hii. ACLENet, shirika la kuzuia madhara ya radi lililoko Kampala, wanafunga vizuia radi kwenye mashule, mwambie hedimasta wenu awaandikie.

Mama_Koboko:
Mi naongeza ya ndani ya nyumba maana hayo ni ya kila siku. Sigiri ya makaa isilale ndani milango imefungwa, ule moshi usioonekana unaua familia nzima usingizini. Petroli na dawa ya kunyunyizia mashamba zisiwekwe kwenye chupa za soda, mtoto atakunywa. Tadoba (kibatari) iwe mbali na neti na nyasi za paa. Mtu akiungua, maji safi ya baridi dakika 20, siyo dawa ya meno siyo yai siyo mafuta. Kwetu nilikuwa naongea haya pale borehole wanawake wakipanga foleni na majerikeni, mtoto akiungua wiki hiyo kila mtu anauliza lile la maji lilikuwa dakika ngapi. Ongea lugha yao ya nyumbani.

MamaVHT_Elgon:
Asanteni sana jamani, nimeandika yote. Jumamosi napanda na wazee. Swali moja: pahali pazuri kwetu ni shule iliyo kwenye tambarare, ila usiku imefungwa na askari wake anakaa mbali. Inakuwaje?

Kijana_Nyamwamba:
Ongea na hedimasta na chairman sasa hivi kabla shule hazijafungwa, ufunguo wa pili ukae nyumba iliyo karibu kabisa na geti, na jina la huyo mtu lijulikane kijiji kizima. Na mjaribu usiku mmoja bila mvua, na tochi, muone bibi wa mwisho anafika baada ya muda gani.