Sufuria ya umeme kutoka Ubelgiji haitaki kufika digri 100, ntapika bia vipi hapa Bukavu?

mtoto_wa_Ibanda

Jambo kwenu wote. Niko na swali lakini lazima nianze mbali kidogo. Binamu yangu iko Liège, na kule zile supermashe za bei chini, Aldi, Lidl na wenzao, kila wiki wanaweka vyombo vya jikoni katikati ya duka kwa promosio, ukichelewa siku mbili unakuta vimeisha. Sasa alipokuja likizo akaniletea mu valizi ile sufuria kubwa ya umeme ambayo Wajerumani wanachemshiamo chupa za matunda ya kuhifadhi. Lita 27, wati 1800, iko na robine chini, termosta na kisaa cha kuhesabu dakika. Ndani yake akapanga mizani ya jikoni ya namba, termometa ya nyama na pakiti mbili za levire (chachu) ya bia, juu aliona wazungu kibao wanapikia bia ku nyumba na sufuria ya namna hiyo hiyo.

Mi nikasema sawa, shayiri hapa siioni lakini mtama uko. Nikanunua ule ulioota tayari, ule wa kasiksi (pombe ya ndizi), nikasagisha, nikafuata resepti ya wazungu neno kwa neno: maji ya 67, unga ndani, saa moja, chuja, chemsha saa moja. Haya. Kwanza ikawa uji. Kuchuja ikanichukua mpaka usiku, na chini ya sufuria imeshikana nyeusi, ikajizima yenyewe mara mbili. Halafu ile kidogo iliyotoka nikaweka 100 ili kisaa ianze kuhesabu, nikangoja, nikangoja, nyumba nzima mvuke, ukuta unatoa jasho, masaa mbili kisaa haijaanza na karibu lita 5 zimeenda hewani. Bibi yangu ameniambia nichague kati ya yeye na sufuria (alikuwa anacheka, lakini si sana).

Je imeharibika? Ao ni kura (umeme) yetu ya huku iliyo dhaifu? Na huo mtama nimekosea wapi?

fundi_kura

Ndugu sufuria yako iko muzima kabisa. Ni wewe uko juu. Ziwa Kivu peke yake liko meta 1460 hivi juu ya bahari, na Ibanda inapanda toka hapo, kwa hiyo maji ya Bukavu inachemka kama ku 95 tu. Termosta yako imetengenezwa na mutu wa kule chini, inangojea 100 ndio iruhusu kisaa, na 100 haitakuja hata ukeshe, moto wote unaenda kugeuza maji kuwa mvuke. Usishushe ku 94 ukifikiri umepata dawa, itakuwa inawaka inazima na bia haitachemka vizuri. Acha palepale ku 100, na dakika uhesabu na simu, kuanzia wakati unaona inatokota.

Kura nayo ni habari ingine. Pima volti saa moja usiku watu wakipika, mi ku quartier yetu nimeshakuta 180. Na usifikiri 180 badala ya 230 ni upungufu mdogo, juu nguvu inashuka mara mbili yake: ile 1800 yako inabaki kama 1100. Lita 25 za maji ya baridi kufika 67, na umeme mzuri ni dakika 45 na kitu, na huo wa usiku ni saa na robo na bado. Pika saa nne ya asubuhi ao usiku wa manane.

Tena usiichomeke ku ile multiprise nyembamba ya soko pamoja na frigo na televizio. Wati 1800 ni ampere 8 hivi kwa muda wa masaa, nimeshabadilisha prise nyingi zilizoyeyuka. Iende ku prise yake peke yake, na ukipanda kitanda uichomoe.

MamaYaKasiksi

Mwanangu mtoto wa Ibanda, mi nimesoma nikacheka peke yangu. Unga wa kasiksi haukusudiwi kupikwa hivyo! Sisi tunaivisha ndizi, tunakamua na majani mpaka mutobe utoke, sukari imeshakuwa mule, ule mtama wa kukaanga na kusaga tunaweka kidogo juu ya kuamsha na kutoa rangi, kisha siku mbili tatu inakatika. Kazi ya sukari inafanywa na ndizi. Wewe umechukua mtama waliokaanga, umekufa tayari, unauomba utoe sukari. Utatoa wapi?

Ukitaka mtama wa kuotesha, otesha mwenyewe. Loweka siku moja ukibadilisha maji, mwaga, tandaza ku gunia lenye maji, funika, kila asubuhi na jioni unanyunyiza na kugeuza ili usipate ukungu. Siku ya nne ao ya tano anika ku jua mpaka ukauke kabisa. Halafu, na hapa usifanye uvivu, sugua na mikono yako upepete, mizizi yote na vimea vyote vitoke. Mtama ukiota ule mumea unakuwa na sumu, ng'ombe akila mtama mchanga anaweza kuanguka, waulize wachungaji. Sisi tulifunzwa na mama zetu kupepeta, hatukuuliza sababu.

levire_kavu

Mama amesema kweli yote, na ile sumu ni saianidi, iko nyingi mu mizizi na vimea, ndani ya punje haba. Aksanti mama.

Naongezea upande wa sufuria juu nilifanya kosa hilohilo, mimi niko Bukavu pia. Wanga wa shayiri unafunguka ku 60 na kidogo, kwa hiyo ku 67 enzaimu zinaukuta umeshalainika zinaukata kuwa sukari. Wanga wa mtama unataka 70 kwenda 75 na zaidi ili ufunguke, na ukifika huko enzaimu zimeanza kufa. Njo maana resepti ya mzungu inakupa uji. Unatenganisha enzaimu na wanga: unga wako (usagishe chengachenga, mwambie mtu wa mashini asiufanye kama wa bugali) uweke mu maji ya 45 ao 50, koroga, acha nusu saa, kisha acha utulie. Yale maji ya juu ndio yenye enzaimu, yachote uweke pembeni, usiyapashe. Ile nzito iliyobaki ipike kama uji mpaka itokote, 95 ya Bukavu inatosha kabisa. Iache ishuke ku 70, rudisha yale maji, pasha kidogo kidogo ikae ku 63 mpaka 65 saa moja na nusu hivi.

Na uji usiupikie mu ile ya umeme!! Moto wake uko chini ya sahani, uji mzito unashika, inaungua, inajizima, umeshaona. Uji unapikwa ku mbabula (jiko) na makaa, sufuria ya kawaida na mwiko na mkono unaochoka. Ile ya umeme inafaa sana kwa kushika 65, hapo ni mashini ya ajabu, halafu kwa kuchemsha maji yaliyochujwa.

Kujua kama wanga umeisha: tone moja ku sahani nyeupe, tone la Betadine (dawa ya vidonda yenye iodini) juu yake. Ikigeuka bluu nyeusi, ngojea bado.

Mizani ya namba usiidharau. Pima lita moja kamili ya maji yako ya mtama ikiwa imepoa, toa uzito wa chombo. Tuseme inakupa gramu 1050. Bia ikiisha kuchachuka, tikisa gesi itoke, pima tena, tuseme 1010. Tofauti 40, zidisha kwa 0.13, umepata asilimia 5 na kidogo ya pombe. Haukununua kitu kingine.

uvira_joto_kali

Kwa kuchuja tumieni chandarua, mi natumiaga ile walitugawia, hahaha. Na hiyo mashini si inaweza kutoa kanyanga (pombe kali) pia? Huku kwetu Uvira bia ya nyumba inageuka siki siku ya tatu juu ya joto, heri kanyanga.

levire_kavu

@uvira hapana kaka, vyandarua vya kugawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, usichujie kinywaji ata siku moja. Nunua pazia mpya nyeupe ya nailoni, chemsha, tumia. Ya kanyanga sitaki kuanza.

Ila joto ni kweli. Levire ya bia inapenda 18 mpaka 22, ku Bukavu chumba cha nyuma ku sima iko hapohapo bila frigo, ni zawadi tumepewa na mulima baada ya kutunyanganya zile digri 5.

mtoto_wa_Ibanda

Aksanti wote, mama shikamoo. Bado maswali mbili: bido ya njano ya mafuta lita 20 inafaa kwa kuchachisha? Na chupa?

MamaYaKasiksi

Bido ya mawese haitaisha harufu, na mafuta inaua povu. Tafuta ndoo mpya ya kifuniko.

fundi_kura

Chupa za bia ya Primus ni ngumu lakini ni vidanje (za kurudisha), na utahitaji mashini ya kufunga vifuniko. Anza na chupa za plastiki za soda, osha na javel, suuza na maji uliyochemsha. Gramu 6 ya sukari kwa lita. Unaminya chupa kila siku, ikikauka kama jiwe gesi imeingia, peleka mu frigo. Kioo hakikuambii kitu mpaka kipasuke.

mtoto_wa_Ibanda

Narudi baada ya wiki tano. Nimeotesha kilo 5, nimepepeta mpaka mikono ikauma, uji ku mbabula, saa za asubuhi. Betadine imebaki ya njano. Mizani 1041 mwanzo, 1011 mwisho, kwa hiyo kama 3.9. Niliweka majani ya mubirizi ya kuleta uchungu, machache tu, lakini hata hayo ni mengi, bibi yangu akaonja akasema ni dawa ya tumbo. Rangi ni kama maji ya ziwa siku ya mvua. Povu linakaa sekunde kumi. Chupa nane zimeisha jana na mashemeji, wawili wameuliza lini tena, na mmoja amekunywa nusu akaomba Primus.

MamaYaKasiksi

Mara ya pili changanya mutobe nusu. Nipigie hodi nikuonyeshe ndizi za kuchagua.