Ulinganisho (Uingereza): shahada ya usimamizi wa biashara ya ukarimu yenye mwaka wa msingi, HND, au uanagenzi hotelini?

Mwanamkwe (mwanzisha mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri wa wanaoufahamu mfumo wa vyuo vya England, hasa upande wa hoteli, migahawa na matukio. Mdogo wangu ana umri wa miaka 19, ana ukaazi wa kudumu na sekondari amesoma hukohuko, lakini mitihani ya A level haikumwendea vizuri: amepata D mbili, na somo la tatu ameanguka. Kwa hesabu za UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu Uingereza, hizo ni alama 48, ilhali kozi za moja kwa moja alizozipenda zinataka 96 na kuendelea.

Zimebaki njia tatu mezani. Ya kwanza ni shahada ya usimamizi wa biashara ya ukarimu yenye mwaka wa msingi, yaani miaka 4 badala ya 3, au 5 akiongeza mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Ya pili ni HND (Higher National Diploma, diploma ya juu iliyo chini ya shahada) ya miaka 2 katika chuo kilicho karibu na nyumbani, kisha mwaka mmoja wa kukamilishia shahada. Ya tatu ni kuajiriwa kama mwanagenzi na kusoma akiwa kazini. Wazazi wanapendelea ya kwanza kwa sababu ina jina la chuo kikuu tangu siku ya kuripoti, naye mwenyewe anayumba kati ya ya kwanza na ya tatu. Mimi nataka kujua jambo moja: huo mwaka wa ziada unamnunulia mtu nini hasa?

Kalamu Nyeusi

Nimefundisha mwaka wa msingi katika kitivo cha biashara, kwa hiyo nitajibu swali lako hilo la mwisho na mengine nitawaachia wenzangu.

Mwaka wa msingi hufundishwa katika ngazi ya 3, ambayo ndiyo ngazi ya A level. Mwaka wa kwanza wa shahada ni ngazi ya 4, na shahada hukamilika katika ngazi ya 6. Kwa hiyo asitarajie kusomea hoteli katika mwaka huo, au atagusiwa kidogo tu. Atajifunza kuandika insha yenye hoja na kutaja vyanzo kwa utaratibu wa chuo, atarudia hesabu za asilimia, wastani na grafu, atapata utangulizi wa biashara, na mara nyingi atafanya mradi mdogo katika fani yake. Katika vyuo vingi atakaa darasa moja na wanaoelekea masoko, uhasibu na utalii. Akifaulu hupanda mwaka wa kwanza bila kuomba nafasi upya, na alama za mwaka ule haziingii katika daraja la shahada yake.

Sehemu inayodharauliwa zaidi ni hesabu, na ndiyo inayowaangusha watu mbele ya safari. Chukua hoteli yenye vyumba 120. Jumanne imeuza vyumba 96 kwa wastani wa pauni 85, hivyo imeingiza pauni 8,160. Ukigawanya kwa vyumba vyote 120, vilivyouzwa na visivyouzwa, kila chumba kimezalisha pauni 68. Wiki inayofuata meneja anapandisha bei hadi pauni 105 na kuuza vyumba 78 tu. Mapato ni pauni 8,190, sawa na pauni 68.25 kwa chumba. Anayetazama vyumba vilivyojaa ataona hoteli imeshuka kutoka asilimia 80 hadi 65 na kudhani kuna msiba, lakini mapato yamepanda kidogo, na vyumba 18 havikuhitaji kusafishwa wala mashuka yake kufuliwa. Papo hapo, mgahawa umekosa wageni wa kifungua kinywa na wa chakula cha jioni, na huenda hasara hiyo ikaimeza faida yote. Swali la namna hii ndilo moyo wa shahada hii, na mwanafunzi anayebabaika kwenye asilimia hawezi kulifurahia. Kama mdogo wako alianguka kwa sababu ya uandishi na hesabu, mwaka wa msingi unamfaa. Kama alianguka kwa sababu alikuwa amechoka na madarasa, mwaka mwingine wa madarasa si dawa.

Jiko Kwanza

Nakubaliana na Kalamu Nyeusi kuhusu hesabu, ila hapo hapo ndipo ninapoukosoa mwaka wa msingi wa vyuo vya England. Shule ya usimamizi wa hoteli ya EHL ya Lausanne, Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1893, nayo inaanza na mwaka wa matayarisho kabla ya miaka 3 ya shahada. Mwaka wao lakini ni wa jikoni, mezani na mapokezini, kisha mwanafunzi anapelekwa kufanya kazi. Miaka ni minne kwa minne, ila mmoja anaingia mwaka wa kwanza amejua insha na mwingine ameingia amejua zamu. Siwaambii mkimbilie Uswisi, kwa maana ada yake si ya kila mfuko. Nasema tu kwamba anayechukua mwaka wa msingi England ajue kuwa upande wa vitendo atajitafutia mwenyewe, wikendi na likizo.

HND kwa maoni yangu inadharauliwa bure. Inaanzia ngazi ya 4 na kuishia ya 5, kwa hiyo hakuna mwaka unaotumika kurudia sekondari, na vyuo vingi vinavyoifundisha vina jiko na mgahawa wa mafunzo unaohudumia wateja wa kweli. Akiongeza mwaka wa kukamilishia, ana shahada ndani ya miaka 3. Msiichanganye, tafadhali, na zile kozi zinazoandikwa FdA, yaani foundation degree: hizo ni sifa kamili za miaka 2 katika ngazi ya 5, hazina uhusiano wowote na mwaka wa msingi ingawa majina yanafanana, na nimeona watu wakijaza fomu ya moja wakidhani ni nyingine.

Kalamu Nyeusi

Jiko Kwanza, hoja yako ya HND ni nzuri kwa mwanafunzi aliye tayari. Lakini HND hiyo inamwingiza mtu mwenye D mbili moja kwa moja katika ngazi ya 4, ambako hakuna anayemfundisha tena namna ya kuandika ripoti. Wanaofika mwaka wa kukamilishia shahada kupitia njia hiyo huipata ngazi ya 6 ikiwa ndiyo mara yao ya kwanza kukutana na tasnifu, na mwaka huo mmoja ndio unaobeba uzito mkubwa wa daraja lao. Ni mlima mrefu kuupanda bila mazoezi.

Msimamizi wa Zamu

Mimi niko upande wa waajiri, hoteli ya mjini yenye wafanyakazi wengi na zamu zisizoisha, na huwa nakaa kwenye usaili wa wasimamizi wasaidizi. Sijawahi kumuuliza mtu kama shahada yake ilikuwa na mwaka wa msingi, na cheti chenyewe hakinishughulishi sana. Ninachouliza ni hiki: saa 5 usiku vyumba vimeuzwa kupita idadi, mgeni aliyekwisha kulipia amefika na begi lake, huna ufunguo wa kumpa, unafanyaje? Asiyewahi kusimama kaunta ataniambia ataomba radhi. Aliyewahi ataniambia kwamba alishaiona orodha tangu saa 12 jioni, akapiga simu hoteli jirani yenye hadhi ileile, akashika chumba kimoja akiba, akapanga teksi na malipo ya usiku wa kwanza kwa gharama yetu, kisha akaandika kwenye kumbukumbu ya zamu ili asubuhi mtu wa mapato aone idadi ilizidishwa wapi.

Kwa hiyo mimi ningelinganisha kozi hizi kwa kigezo cha mwaka wa mafunzo kwa vitendo kuliko mwaka wa msingi. Je, chuo chenyewe kinawatafutia wanafunzi nafasi, au kinawaambia tu kwamba ruhusa ipo? Katika hoteli wanazokwenda, wanazungushwa idara zote, yaani mapokezi, usafi wa vyumba, chakula na vinywaji, mauzo, au wanaachwa kubeba sahani mwaka mzima? Ulizeni pia kama kozi imetambuliwa na Institute of Hospitality, chama cha wataalamu wa ukarimu, ingawa utambuzi huo hauwezi kuziba pengo la uzoefu.

Uanagenzi nauheshimu. Kuna ule wa ngazi ya 4 wa meneja wa ukarimu, kijana analipwa mshahara na hadaiwi ada. Tatizo lake ni kwamba unakutengeneza kwa kipimo cha mwajiri mmoja, na ukitaka baadaye kuingia ofisi kuu, kwenye mikataba ya usimamizi, uwekezaji au upangaji wa bei wa hoteli nyingi, shahada huulizwa.

BintiHesabu

Naleta upande wa pesa, kwa kuwa naona umeachwa.

Katika mwaka wa masomo 2025/26 ukomo wa ada kwa mwanafunzi wa ndani England ni pauni 9,535 kwa mwaka. Kuanzia mwaka huohuo, mwaka wa msingi wa masomo yanayohesabiwa kuwa ya darasani, biashara ikiwemo, umewekewa ukomo wake wa pauni 5,760. Kwa bei hizo, miaka 4 ni pauni 34,365, na mwaka wa mafunzo kwa vitendo hautozwi zaidi ya pauni 1,905. Kozi za ukarimu hupangwa tofauti kulingana na maudhui, hivyo aombe kwa maandishi kozi yake iko kundi gani. Tofauti kati ya ukomo wa kawaida na ule wa darasani ni karibu pauni 3,800 kwa mwaka huo mmoja.

Mkopo wa ada na wa kujikimu hutolewa pia kwa mwaka wa msingi, mradi mwaka huo uwe sehemu ya shahada na si kozi inayojitegemea. Marejesho kwa walioanza tangu Agosti 2023 ni asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na deni hufutwa baada ya miaka 40. Mshahara wa kuanzia hotelini si mkubwa, kwa hiyo miaka ya mwanzo makato yatakuwa madogo, ila deni litakuwa linakua kwa riba. Kwa wanaoikwepa riba kwa sababu za dini, sheria ya mwaka 2017 iliruhusu mfumo mbadala wa Kiislamu lakini bado haujaanza kutoa fedha, na zipo nyumba zinazoweza kuchagua uanagenzi kwa sababu hiyo.

Tena, mwanzisha mada, umesahau njia ya nne. Kwa kuwa ametimiza miaka 19, anaweza kusoma Diploma ya Access, kozi ya kuwaandaa watu wazima kuingia chuo kikuu, kwa mwaka mmoja katika chuo cha kati kisha akaomba shahada ya miaka 3 popote anapotaka. Ada yake hulipwa kwa mkopo wa wanafunzi watu wazima, na akimaliza shahada, salio la mkopo ule wa Access hufutwa. Tofauti yake na mwaka wa msingi ni kwamba nafasi ya chuo kikuu hajaishika mkononi, ataishindania.

Mgeni Njiani

Niongeze machache kwa wasomaji wasio na ukaazi, maana mezani kwetu hesabu ni nyingine. Ukomo wa ada alioutaja BintiHesabu hautuhusu, na mikopo hiyo pia hatuipati. Wengi wetu hatupewi mwaka wa msingi wa chuo chenyewe, bali tunaelekezwa kwenye kozi inayojitegemea katika chuo mshirika, na hapo ndipo pa kufungua macho: kozi iliyo chini ya ngazi ya shahada inaruhusu kufanya kazi saa 10 kwa wiki wakati wa muhula, wakati shahada ya chuo kikuu inaruhusu 20. Kwa fani inayotegemea zamu, saa hizo 10 zinauma. Aidha, viza ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo huhitaji shahada, kwa hiyo HND peke yake haitoshi, na muda wa viza hiyo kwa wenye shahada ya kwanza unapunguzwa kutoka miaka 2 hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Uanagenzi, kwa mwenye viza ya mwanafunzi, haumo.

Mwanamkwe (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana. Nimekaa na mdogo wangu tukazisoma hoja zote, na swali la Kalamu Nyeusi kuhusu sababu ya kuanguka ndilo lililomgusa. Amekiri kwamba ni uandishi, kusoma hakujamchosha. HND tumeiweka kando. Ataomba shahada mbili zenye mwaka wa msingi ambazo zina ofisi inayowatafutia wanafunzi nafasi za kazi, na wakati huohuo ataulizia Access. Kuanzia mwezi ujao ameshapata zamu za wikendi katika idara ya matukio ya hoteli moja. Limebaki moja: dirisha la maombi limekwisha kupita, je, asubiri mwaka mwingine?

BintiHesabu

Asisubiri. Tarehe ya Januari ni ya kuhakikishiwa kuwa maombi yatazingatiwa sawa na ya wengine. Vyuo vyenye nafasi huendelea kupokea baada yake, na mchakato wa Clearing, yaani ule wa kujaza nafasi zilizobaki, hufunguliwa mwanzoni mwa Julai. Awe makini na msimbo wa kozi katika fomu ya UCAS, kwa kuwa shahada yenye mwaka wa msingi na ile isiyo nao mara nyingi huandikwa kwa jina lilelile na kutofautiana msimbo tu. Akijaza ule wa miaka 3 akiwa na alama 48, atakataliwa na kozi ambayo hakukusudia kuiomba.

Msimamizi wa Zamu

Na siku ya kutembelea chuo, aombe kuongea na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeanzia mwaka wa msingi, bila mwalimu kuwepo. Amuulize darasa lao lilianza na wangapi na wamebaki wangapi.