Je, uhuru wa Haiti ulitoka Paris?

Mwalimu_Kidato5
Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha historia, na juzi mwanafunzi mmoja alinikwamisha darasani. Nilikuwa nimeeleza kwamba mapinduzi ya watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, yalichochewa na falsafa ya Zama za Mwangaza, yaani fikra za wanafalsafa wa Ulaya kama Rousseau kuhusu uhuru na haki. Akauliza: watumwa ambao wengi wao hawakujua kusoma walimsoma Rousseau lini? Naomba msaada wenu.

Msoma_Nyaraka
Mwalimu, mtu hahitaji kujua kusoma ili amsikie bwana wake akibishana mezani kuhusu haki huku yeye akimpakulia chakula. Azimio la Haki za Binadamu na Raia lililopitishwa Ufaransa tarehe 26 Agosti 1789 lilitamka kwamba watu huzaliwa na hubaki huru na sawa kwa haki, na habari zake zilivuka bahari kwa meli zilezile zilizokuja kuchukua sukari na kahawa. Hata hivyo, waliotangulia kulishika neno hilo ni machotara huru, ambao baadhi yao walimiliki watumwa. Vincent Ogé aliwatetea wenzake huko Paris, akarejea na kuongoza maasi mwaka 1790, na Februari 1791 akavunjwa viungo juu ya gurudumu mjini Cap-Français. Ukombozi wa watumwa haukuwa miongoni mwa madai yake.

Mpwani
Ndugu, hapo naona falsafa inapewa sifa kuliko inavyostahili. Kati ya watumwa wapatao 500,000, walio wengi walizaliwa Afrika, na wengi wa hao walitoka Kongo, nchi iliyokuwa na wafalme wake, vita vyake na mabishano yake kuhusu utawala wa haki. Maasi yalipolipuka Agosti 1791, uvumi uliowasha moto ulikuwa kwamba Mfalme wa Ufaransa amewapa watumwa siku tatu za mapumziko kwa wiki na mabwana wanaificha amri yake. Mwaka 1793 kiongozi wao mmoja, Macaya, alijieleza kuwa ni raia wa wafalme watatu: wa Kongo, wa Ufaransa na wa Hispania. Hayo si maneno ya Rousseau.

Tena Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyeandika kwa ufasaha juu ya uhuru, alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyouza watumwa. Na kwa kuwa tumefika huko: mwaka 1776, Wamarekani walipotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba wa kumuuzia Mfaransa Morice watumwa 1,000 kwa mwaka.

Msoma_Nyaraka
Sikatai kwamba moto ulikuwa wao wenyewe. Ninachosema ni kwamba lugha ya Mwangaza iliwafaa walipofika kwenye kuandika sheria, nao wakaifikisha mahali ambapo walioitunga hawakuthubutu kufika. Ibara ya 3 ya katiba ya mwaka 1801 ya Toussaint Louverture, mtumwa wa zamani aliyekuwa ameshika uongozi wa koloni, inasema kwamba watumwa hawawezi kuwapo katika nchi ile, na kwamba watu wote huzaliwa, huishi na hufa wakiwa huru na Wafaransa. Napoleon alijibu kwa kutuma jeshi. Toussaint alikamatwa mwaka 1802, akafia gerezani Fort de Joux Aprili 1803. Uhuru ulipotangazwa Gonaïves tarehe 1 Januari 1804, Ufaransa ilikataliwa milele, na katiba ya mwaka uliofuata ikaagiza Wahaiti wote waitwe Weusi, wakiwemo Wapolandi na Wajerumani waliokwisha kupewa uraia.

Mwalimu_Kidato5
Nawashukuru nyote wawili. Jumatatu nitaandika ubaoni sentensi ya 1789 na ya 1801, moja chini ya nyingine, kisha nimwombe kijana yule atuambie ni neno gani Toussaint aliliondoa na ni lipi aliliweka mahali pake.